Vidani Msumarini

"Mama Loisi," Mpole alimwambia dada yangu, "hata mkikubali leo, hakuna aibu. Pumzikeni kidogo, mnywe chai, halafu tumalize."

Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma kabisa katika ofisi ya kitongoji cha Isambala, na maneno yale yalinikasirisha. Sauti haikuwa na kosa. Mpole alikuwa na sauti ya mtu mzima aliyelelewa vizuri, na watu walikuwa wameizoea. Kilichonichafua roho ni kwamba maneno yale yalikuwa yangu. Niliyasema mimi, kwa mdomo wangu huu, miaka nenda miaka rudi, mezani kwetu Singida mjini, kila nilipokuwa sina kitu mkononi na nikataka mwenzangu alaze karata zake aniachie fungu.

Mpole hakuwa mtu. Alikuwa sanduku dogo jeusi lenye taa moja mbele, limewekwa juu ya meza kati ya chupa ya chai na kopo la kalamu. Kampuni ya Pepo za Kati ilimtuma kila ilipotaka kupatana na watu, na sheria ya nchi ilimbana kama ilivyotubana sisi sote: akisema neno la uongo taa huzima na mkataba hufa hapo hapo. Asubuhi yote ile taa ilikuwa nyeupe. Na ingezimaje, wakati kila alichosema kilikuwa kweli?

Kampuni ilitaka majabali ya Isambala, yale yaliyobebana juu ya kilima ambako upepo haulali, isimike mitambo ya umeme wa upepo ambayo watu wetu huiita mapangaboi. Hilo halikuwa na ugomvi. Kilima walikuwa tayari kukikodisha. Lakini mkataba uliokuwa mezani ulichukua kilima na kisima kilicho chini yake, kisima kikubwa pekee chenye maji yasiyo na chumvi upande ule wote, na watu wahamie kwenye maghorofa kando ya ziwa, ambako bomba halitoi tone mpaka uligusishe kadi. Kampuni ilikitaka kisima kwa ajili ya zege, na baada ya zege iuze maji mjini. Hayo Mpole aliyasema bila kuficha. Watu wakakataa. Ndipo malori yaliyobeba mapanga ya mitambo yakapita Isambala mchana kweupe, polepole, yakaenda kuegeshwa Igwandu, kitongoji cha jirani kule bondeni.

Dada Loisi ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Aliuliza swali ambalo kila mtu alikuwa nalo, kama kampuni sasa itajenga Igwandu na kuwaacha wao mikono mitupu.

"Malori yapo Igwandu tangu juzi, mama," Mpole alijibu. "Na jua likizama nitafunga mazungumzo haya."

Taa nyeupe. Malori yalikuwepo kweli, na mazungumzo angeyafunga kweli. Hakusema kwamba hayatafunguliwa tena kesho yake asubuhi. Halafu akaleta ile huruma yake ya chai, na wazee wakaanza kutazamana kwa macho ya watu waliokwisha kushindwa.

*

Vijana wa leo hawaijui dunia isiyo na kidani. Mimi naikumbuka kidogo. Ni kioo kidogo kinachokaa kooni kwa uzi, kinasikiliza misuli ya sauti na mapigo ya damu, na maneno yako yakipatana na moyo wako kinawaka. Yasipopatana kinafifia. Mimi ni mfuga kuku, na nikimwambia mteja kuku huyu hajachomwa sindano, mteja haniangalii usoni, ananiangalia shingoni. Zahanati hivyo hivyo, soko hivyo hivyo, hata kanisani wakati wa kutangaza ndoa. Asiye na kidani hana neno.

Mahali pamoja tu sheria iliruhusu mtu akivue, nako ni mezani pa karata, kwa sababu mchezo wetu ungekufa siku ya kwanza. Klabu yetu ilikuwa nyuma ya kinu cha kukamua alizeti. Mlangoni palikuwa na ubao wenye misumari. Unaingia, unatundika kidani msumarini, unapapasa shingo yako tupu, unakaa. Tulicheza poka: kila mmoja karata mbili za siri, halafu tano zinafunuliwa mezani za wote, na kila hatua watu wanaongeza dau au wanalaza. Dau letu lilikuwa mbegu za alizeti, na mshindi wa siku aliondoka na jogoo. Wengi wa majogoo wale walikwenda nami. Nilikuwa najua kuzuga.

Ndiyo maana Eliudi Shila alinifuata mimi. Kijana wa kampuni, shati limenyooka, salamu ndefu za heshima mpaka akauliza habari za vifaranga. Aliniambia wazee walio kwenye nyumba za kulelea wana upweke, wanahitaji mwenzao wa kucheza naye karata, akaniomba nimfundishe Mpole kucheza. Kidani chake kiliwaka vizuri, na mimi nikasema ndiyo. Ni kweli wazee wana upweke. Hakusema kwamba mwenzao huyo ndiye waliyekuwa wanamtengeneza. Mimi, niliyejiona fundi wa kuzuga, nilizugwa na mtoto aliyevaa kidani.

Nikala kiapo mbele ya afisa wa Baraza la Kweli. Nilisema, kidani kikiwaka, kwamba sitamweleza mtu yeyote namna Mpole anavyocheza. Kiapo kikaandikwa ndani ya kidani chenyewe. Ukikivunja, kidani kinazimwa na hupewi kingine mpaka unakufa.

Somo lilianza. Nilimwambia Mpole kwanza kabisa kwamba mtu asiyejua kulaza hazugwi. Yuko mchezaji ambaye hata akishika takataka ataufuata mchezo hadi mwisho, kwa ubishi au kwa ujinga, na ukimzuga unajizuga mwenyewe. Anayezugika ni mtu mwangalifu, mwenye kitu cha kupoteza, anayefikiri. Nilimwambia azuge mtu mmoja, asizuge meza nzima, kwa kuwa katika wengi hakosekani mmoja mwenye karata. Nilimwambia asubiri kusema wa mwisho, ili ajue kwanza nani ana wasiwasi. Na asifanye mara kwa mara. Chumvi ni nzuri, lakini hakuna anayekula bakuli la chumvi.

"Halafu hadithi," nilimwambia. "Dau lako ni hadithi. Kama unataka niamini mwisho kwamba una kopa tano, basi tangu mwanzo cheza kama mtu anayekusanya kopa. Ukishtuka mwishoni ukamwaga mbegu zote, nitakuuliza ulikuwa wapi."

Mpole aliuliza maswali mazuri. Niseme ukweli, nilifurahi. Tangu vidani vije hakuna mtu aliyekuwa ananiuliza habari za kuzuga, kwa sababu nje ya klabu ujuzi huo ulikuwa umebaki kama ujuzi wa kuwinda tembo. Sasa nilikuwa na mwanafunzi asiyechoka, ambaye hata kikohozi changu alikitunza.

Kisha ikaja siku aliyonishinda. Nilikuwa na wafalme wawili. Mezani palikuwa na kopa nne, na mwenye ya tano angewashinda wafalme wangu; mimi sikuwa na kopa hata moja. Mpole alikuwa ameongeza dau tangu karata za kwanza, kidogo kidogo, kama mtu ambaye kopa zake zinakaribia kutimia. Mwishoni akasukuma kila kitu. Nikafikiri sana. Ndipo akaniambia kwa upole, "Mama Foibe, hata ukilaza hakuna aibu. Kunywa chai kwanza." Nikawalaza wafalme wangu. Akafunua saba ya pau na tatu ya uru.

Nilicheka mpaka nikakohoa, na Eliudi akapiga makofi. Nilikuwa njiani kurudi nyumbani nilipong'amua. Maneno yale niliyazoea mimi bila kujua. Nikiwa na karata nzuri nataka mwenzangu abaki, kwa hiyo namchokoza, namwita mwoga, simpi hata maji. Nikiwa sina kitu nataka aondoke, kwa hiyo namfungulia mlango na kumwekea zulia la kupitia. Mpole alikuwa amenisikiliza kwa muda mrefu akaona kwamba huruma yangu huwafukuza watu, akaichukua kama ilivyo. Hakuona kwamba huruma hiyo hiyo ndiyo inayoniumbua.

Sikumwambia Eliudi. Mchezaji akigundua dosari ya mwenzake haitangazi, anaiweka. Nilidhani nimeiweka kwa ajili ya mchezo mwingine wa alizeti.

*

Pale Isambala watu walitoka nje kunywa chai. Dada Loisi alikuja pale nilipokuwa nimesimama, kando ya kisima, ambako wanawake walikuwa wanavuta kamba kana kwamba hakuna mkutano wowote. Yeye ndiye aliyenilea baada ya mama. Mikono yake ina alama za kamba ile. Aliniambia, kwa sauti ya chini, kwamba wazee wanataka kukubali, kwamba wanaogopa kukosa vyote, na kwamba yeye mwenyewe hajui tena. Kisha akauliza.

"Wewe umekaa na watu hawa mjini, Foibe. Unaionaje mashine hii?"

Nikamwambia siwezi kusema. Kidani changu kikawaka. Aliangalia mwanga ule kwa muda, akaelewa kwamba kuna jambo, na hakunibembeleza. Alisema tu kwamba maghorofani kule hatakuwa na mahali pa kufungia mbuzi wake, akaondoka kwenda kuwatazama wazee.

Nilibaki na hasira yangu. Kiapo nilikula mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono. Maisha yangu yote nje ya klabu neno langu lilikuwa neno, na kuku wangu waliuzika kwa sababu hiyo. Je, mtu anavunja kiapo kwa sababu tu kimegeuka kumuuma? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Wale niliowanyima jogoo kwa kuzuga, nao walikuwa na watoto waliotaka supu.

Lakini hapana. Wale walitundika vidani. Waliingia mlangoni wakijua, wakapapasa shingo zao, wakakaa wakiwa tayari kudanganywa na kudanganya. Loisi hakutundika kitu. Kidani chake kilikuwa kooni na kila mtu pale alikuwa amevaa chake, na kupitia vidani hivyo Mpole alikuwa anapokea mapigo ya kila moyo uliokuwa chumbani, kwa kuwa sheria iliita jambo hilo mazungumzo ya wazi. Alijua nani anatetemeka. Alijua ni mzee gani atalaza kwanza. Karata za watu wangu zilikuwa zimefunuliwa mezani zote, na zake zimefunikwa, na juu yake inawaka taa nyeupe ya ukweli. Hata mwizi wa kuku ana haya kuliko hivyo.

Na jambo lililonichukiza zaidi kuliko yote ni kwamba alikuwa amecheza vizuri. Alimchagua mtu mwangalifu. Alisubiri aseme wa mwisho. Hadithi yake iliungana tangu lori la kwanza. Sehemu fulani ndani yangu, sehemu chafu, ilikuwa inampigia makofi kama Eliudi.

Watu waliporudi ndani, Mpole aliuliza kwa utaratibu kama wamefikia uamuzi, akarudia kwamba hakuna aibu. Mzee mmoja akanyanyua mkono kutaka kusema ndiyo. Nikasimama kabla yake.

"Haina kitu," nilisema. "Mimi ndiye niliyeifundisha kucheza. Ikiwa na karata haikubembelezi. Ikiwa na huruma namna hii, ujue mkononi ni patupu, na inachotaka ni muondoke mezani muiachie kisima."

Kidani changu kiliwaka mwanga mkali kuliko nilivyowahi kukiona, hata ukuta ulipata rangi. Kila mtu chumbani aliuona mwanga ule na kila mtu aliniamini. Kisha kikazima. Nilisikia joto lake likiondoka kooni, na baada ya hapo kilikuwa kipande cha kioo tu kwenye uzi.

Loisi hakunitazama. Alimtazama Mpole.

"Kilima tunakodisha," alisema. "Kisima hakiuzwi. Jua likizama, funga."

Jua likazama, Mpole akafunga mazungumzo, kama alivyosema. Asubuhi yake akayafungua tena, na kwa sauti kavu isiyo na chai wala pole akakubali kukodi kilima peke yake.

*

Isambala walichinja mbuzi. Mimi nilirudi mjini nikaenda sokoni na kuku wangu.

Mteja wa kwanza alikuwa mama niliyemuuzia kwa miaka. Aliuliza kama jogoo amechomwa sindano, nikamwambia hapana, akatazama shingo yangu, akatabasamu, akasema atapita tena. Wa pili akatabasamu hivyo hivyo. Zahanati nilipoeleza kwamba kifua kinanibana, muuguzi aliandika kwamba maelezo ya mgonjwa hayana uthibitisho na akaniambia nirudi na ndugu mwenye kidani wa kunisemea. Hakuna aliyenitukana. Walikuwa wapole wote, na upole huo nikautambua.

Eliudi Shila alikuja nyumbani. Nilidhani amekuja kugomba, nikajiandaa. Alikuja kushukuru. Alisema kampuni haina kinyongo, kwamba kile nilichokieleza pale Isambala hawakuwa wanakijua wao wenyewe, na sasa wamekirekebisha. Mpole hatabembeleza tena akiwa hana kitu. Safari hii wamemfundisha kubadilisha tabia bila mpangilio wowote, apendeze leo na kesho akaripie, ili asisomeke.

"Umetusaidia sana, mwalimu," alisema, na kidani chake kikawaka.

Nilimwambia aondoke kabla sijamtapikia kiatu. Aliondoka akiniaga kwa heshima zote.

Haikupita muda Loisi akanipigia simu. Malori yalikuwa yameegeshwa Isambala, alisema, chini ya majabali, na mafundi hawashushi kitu chochote. Yamekaa tu. Nikamuuliza Mpole yuko wapi. Akasema yuko Igwandu. Igwandu nao wana kisima, kidogo, lakini chatosha kwa zege, na mazungumzo ya kukinunua yameanza. Sikuhitaji kuuliza zaidi. Nilijua sentensi ambayo Mpole angewaambia watu wa Igwandu wakimuuliza kama zege litakorogewa kwingine wao wakikataa: malori yapo Isambala. Kweli tupu.

*

Ofisi ya Igwandu ni chumba kimoja chenye madirisha ya wavu. Nilifika wakati wa mapumziko ya mchana, mkutano haujarudi mezani, na Mpole alikuwa kwenye kona yake na taa inawaka. Mwenyekiti Mkumbo, mwanamume mnene aliyekuwa anapima kila neno lake kama mahindi ya kuuza, alinipokea vizuri. Alinipa kiti. Akamtuma mkewe maji. Nikaeleza kila kitu: klabu, mafunzo, kiapo, Isambala. Wazee waliokuwa pale walisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

Kisha Mkumbo akatazama kioo kilichokufa shingoni kwangu.

"Mama, umetembea jua kali," alisema. "Pumzika. Hata ukirudi nyumbani sasa, hakuna aibu."

Maskini, hakujua alichokisema. Alikuwa anasema kwa wema. Lakini nilipoyasikia maneno yale tena, kwa kinywa cha mtu safi, nilitamani kulia kwa hasira. Nilikuwa na ukweli mzima mkononi na hakuna aliyeweza kuuona. Ningeapa ningechekwa. Ningepiga kelele wangeniita mgonjwa. Kama nami ningekuwa mwangalifu, ningelaza.

Badala yake nikafungua mkoba, nikatoa karata zangu na mfuko wa alizeti, nikaviweka mezani kwake.

Nilimwambia sitaki aniamini. Ninachotaka ni mchezo mmoja, mpaka mkutano urudi. Akajibu kwamba hajui kucheza. Nikasema nitamfundisha, na nikamfundisha kwa muda mfupi, kwa kuwa poka haina mambo mengi. Wazee walisogea. Watu waliokuwa wamechoka na mkutano hawakatai mchezo.

"Kuna sharti moja," nikasema. "Mezani pa karata watu hawavai vidani. Sheria inaruhusu. Vitundikeni pale."

Ukutani palikuwa na misumari iliyokuwa ya kutundikia kalenda na funguo. Mkumbo alisita. Nadhani hakuwa amewahi kukivua mbele ya watu. Mwishowe alinyanyua mkono, akakifungua, akakitundika, akapapasa shingo yake kama tulivyokuwa tunafanya sisi klabuni, na wazee wakamfuata mmoja mmoja mpaka msumari wa mwisho. Kwenye kona taa ya Mpole ilipepesa. Kwa mara ya kwanza tangu afike Igwandu hakuwa anasikia moyo wa mtu yeyote.

Nikagawa. Mkumbo alifunika karata zake kwa kiganja chote, na mimi nikajua ana kitu kizuri. Nilikuwa na tatu na nane, hazina undugu. Karata ya kwanza mezani nikaongeza mbegu chache. Ya pili nikaongeza tena. Nilicheza kama mtu ambaye karata zake zinakua mbele ya macho yake, bila haraka. Wazee wengine walilaza, tukabaki wawili. Karata ya mwisho ilipofunuliwa nikasukuma mfuko mzima katikati ya meza.

Mkumbo alitoa jasho. Alikuwa mwangalifu, mtu mwenye kitu cha kupoteza, tena aliyezoea kuambiwa kweli. Hakuna mtu anayezugika kuliko huyo. Sikumwambia kwamba hakuna aibu. Nilimtazama tu, nikamsogezea kikombe cha maji alichonipa mwenyewe.

Akalaza. Alikuwa na malkia wawili. Nikafunua tatu na nane.

Mkumbo alizitazama karata zangu, akazitazama zake, na uso wake ukakunjamana kama wa mtu aliyeuma mdudu ndani ya ndizi. Ulikuwa uso wangu wa pale Isambala. Nilimwacha aumeze uchungu huo kwanza.

"Hukuniambia una nini," alisema hatimaye.

"Hukuniuliza, na ungeuliza ningekujibu kitu cha kweli kisichokusaidia. Mwenyekiti, ukizugwa usihangaike kuuliza ana nini. Uliza anataka nifanye nini. Mimi nilitaka ulaze. Kila mbegu niliyosukuma ilikuwa inakuambia laza."

Mkumbo aligeuka taratibu akatazama dirishani, upande wa barabara iendayo Isambala, kule malori yalikokaa bila kushusha kitu. Mzee mmoja akauliza, kama anayejiuliza mwenyewe, kama jana Mpole alisema zege litakorogewa Isambala, au alisema tu malori yako Isambala. Wote wakakumbuka kwamba alitaja malori tu.

Mpole akazungumza kutoka kwenye kona.

"Mwenyekiti, naomba nikumbushe," alisema, kwa heshima, taa yake nyeupe kabisa, "kwamba mama huyu hana kidani."

Mkumbo alipeleka mkono kooni. Ngozi ya pale ilikuwa na mstari mweupe wa uzi wa miaka mingi.

"Hata sisi leo hatuna," alisema, akakusanya karata na kunirudishia. "Gawa tena, mama."